Rollei 35: vuta, zungusha, usilazimishe

Kama umerithi kwa mjomba, au umeinunua mtandaoni, au kuna mgeni kakuachia na hujui pa kuanzia, kaa kitako tuipitie. Rollei 35 ni kamera ya filimu ile ile ya kawaida ya milimita 35, lakini urefu wake haufiki hata sentimita 10, inaingia mfuko wa kanzu japo mfuko utaujua uzito wake maana ni chuma. Ilitoka Ujerumani mwaka 1966, fundi aliyeibuni akiitwa Heinz Waaske, halafu miaka ya 70 kiwanda kikahamishia kazi Singapore. Ya mwanzo ina lenzi ya Tessar ya milimita 40 yenye f/3.5 (f ni kipimo cha tundu la lenzi la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na 1974 ikaja Rollei 35 S yenye lenzi ya Sonnar ya f/2.8. Watu wanabishana mpaka kucha ya Ujerumani na ya Singapore ipi bora, mie nasema tizama lenzi ina koga au haina, shata (lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inafunguka au imeganda, hayo mengine ya kuzungumzia barazani.

Kitu cha kukijua kabla ya vyote: shata inaendeshwa na springi. Betri kazi yake ni kupima mwanga tu, ikifa kamera inapiga kama kawaida, kwa hiyo mtu akikwambia "hii mbovu haina betri" wewe ichukue kwa bei hiyo hiyo ya ubovu.

Sasa lenzi. Kamera ikiwa imelala, lenzi imezama ndani na shata haibonyezeki, ndivyo ilivyo, haijaharibika. Ishike lenzi, ivute mpaka mwisho, izungushe mpaka usikie imekaa. Hapo ndo inapiga. Kurudisha ndani ndo penye mtihani, na hapa ndo watu wanapozivunja: kwanza vuta filimu, yaani ule wenzo wa juu upande wa kushoto uuvute wote mpaka mwisho (ndio, kushoto, vidole vitaona ajabu mwanzo), kisha bonyeza kibonyezo kidogo kilicho juu karibu na cha kupigia, zungusha lenzi kinyume na ulivyoifunga, ndo uisukume. Ukiwa hujavuta filimu lenzi haitaki kurudi. Haitaki maana yake haitaki, usiikamie kwa nguvu za kukunia nazi, vuta filimu kwanza uone inavyokubali yenyewe.

Kutia filimu si kama kamera nyengine zenye mlango. Chini kuna kifungio, kigeuze, halafu mgongo wote pamoja na kitako unateremka unatoka mzima, unabaki nao mkononi, kwa hiyo tafuta pa kuuweka na pasiwe kwenye mchanga tafadhali. Ndani kuna bamba linalokandamiza filimu, linafunguka kama ukurasa, linyanyue, tia rolo, ulimi wa filimu uingize kwenye ufa wa kile kigurudumu cha kupokelea, vuta wenzo mara moja utizame matundu ya filimu yameng'atwa na meno juu na chini. Yameng'atwa? Laza bamba, rudisha mgongo, funga, piga hewa, yaani vuta na ubonyeze bila ya kulenga kitu, mpaka namba ifike 1. Fanya kivulini, na mikono isiwe na mafuta.

Mbele kuna magurudumu mawili, moja la spidi (kuanzia 1/2 mpaka 1/500 ya sekunde, na B ya kuacha wazi) na jengine la tundu, f/3.5 mpaka f/22. Usisahau kuweka ASA ya filimu yako, ile namba ya wepesi wake wa kushika mwanga iliyoandikwa kwenye boksi. Mwanga unasomwa juu ya kamera, si ndani ya kioo cha kutizamia, kuna kidirisha chenye mishale miwili, unazungusha magurudumu mpaka mishale ilale pamoja. Ni raha kwa sababu unaweza kupanga kila kitu kamera ikiwa usawa wa tumbo bila ya mtu kujua unafanya nini, halafu unainyanyua mara moja tu. Tatizo ni betri. Ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, PX625, na hizo zimeshaondoka sokoni. Ukitia ya alkalini ya volti 1.5 itaingia lakini kipimo kitakudanganya. Wengi wanatumia zile za vifaa vya kusikia, namba 675, za volti 1.4, unaiwekea kipete pembeni maana ni nyembamba kidogo. Hizi zinavuta hewa, ukishabandua ile stika zinajimaliza zenyewe utumie usitumie. Jengine, kipimo hakina swichi ya kuzimia, kikiona mwanga kinakula betri, kwa hiyo kamera ikae kwenye mfuko wake. Na kubadilisha betri mpaka ufungue mgongo, maana yake filimu ikiwa ndani usubiri iishe.

Ndo maana mie nasema kwa visiwani kwetu Zanzibar jifunze kupiga bila ya betri kabisa. Jua letu halina kigeugeu. Kanuni ni ile ya zamani: jua likiwaka wazi, weka f/16 na spidi iwe sawa na ASA. Filimu ya 100, f/16 kwa 1/125. Filimu ya 400, f/16 kwa 1/500. Hiyo kwa mtu aliyesimama juani Mnazi Mmoja. Ukienda Paje au Jambiani saa sita mchana, maji yametoka na mchanga ule mweupe unarudisha mwanga, funga mpaka f/22, na kwa filimu ya 400 hapo ndo umefika ukingoni, kamera haina tena pa kwenda, kwa hiyo siku ya pwani chukua 100 au 200. Ukiwapiga mama wa mwani wakiwa wameinama na uso uko kivulini, fungua hatua 1 au 2 (kila hatua inazidisha mwanga mara mbili), bora mchanga uungue kidogo kuliko sura ya mtu kuwa giza.

Mji Mkongwe ni mambo mengine. Ndani ya vichochoro mchana mchana mwanga unaanguka kwa hatua nyingi, filimu ya 400 anzia f/4 kwa 1/125, na kule kunakobana zaidi shuka 1/60. Chini ya 1/30 tafuta ukuta wa kuegemea. Ukitokea kichochoroni ukaingia kwenye jua la Darajani kumbuka kubadilisha, maana kamera haikumbuki kwa niaba yako.

Masafa. Kamera hii haina njia ya kukuonesha kama picha imekaa sawa au imefifia, kwenye kioo kila kitu kinaonekana safi, wewe ndo unakadiria mita na kuweka kwenye lenzi. Usiogope, kwani wavuvi wetu wanapima kwa pima mpaka leo na hawapotei. Pima moja, mikono miwili ukiinyoosha, ni kama mita 1.8, basi weka 2. Pima moja na nusu weka 3. Pima tatu na kitu weka 6. Chini ya mita 0.9 haishiki. Na tundu likiwa dogo linakusamehe: f/16 ukiweka mita 3, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 mpaka kama mita 30 kitakuwa safi, yaani unatembea na kupiga bila ya kugusa. f/8 kwa mita 3 unapata mita 2 mpaka 5 hivi. Lakini f/3.5 kwa mita 3 umebakiwa na mita 2.5 mpaka 3.7 basi, hapo pima kweli kweli.

Vijana wanaoruka baharini Forodhani jioni, weka 1/500, masafa mita 6, jua liwe nyuma yao, usingoje mishale. Na shata hii ina sauti ndogo mno, isikufanye ukajificha nayo, omba ruhusa kwanza khasa kwa kina mama, na ukikataliwa sema ahsante upite.

Pa kuchomeka flashi wamepaweka chini ya kamera, sijui walikuwa na haraka gani. Ukiitumia hivyo hivyo vivuli vinapanda juu ukutani na bi harusi anatoka kama jini. Pindua kamera kichwa chini, flashi iwe juu, weka 1/30, imekwisha.

Chumvi na unyevu ndo maadui wakubwa, kuliko hata kuanguka. Ukitoka pwani ifute kwa kitambaa kikavu siku hiyo hiyo, na wakati wa masika iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu, usiifungie kabatini ndani ya mfuko wa ngozi miezi mitatu, koga itaota ndani ya lenzi. Filimu weka kwenye friji, lakini ukiitoa iache saa kadhaa ndani ya kikopo chake kabla ya kuifungua isije ikatoa jasho. Anaekuletea filimu kutoka nje mwambie asiitie kwenye begi la chini la ndege, aishike mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, mashine mpya za viwanjani zinaiharibu.

Picha 36 zikiisha wenzo utagoma. Usiuvute. Geuza kiswichi cha kurudishia filimu kwenye R, kunjua mkono mdogo ulio chini ya kamera, zungusha taratibu kwa upande wa mshale mpaka usikie imelegea, ongeza mizunguko kadhaa, ndo ufungue. Kama uliipiga kwa ASA tofauti na iliyoandikwa, andika namba hiyo kwa kalamu juu ya rolo kabla hujaipeleka kusafishwa.