Krimu ya madoa ya jua: uso ukiwa mwekundu usiiache njiani

Wenzangu wenye ualbino mlioko nje ya nchi, na nyie wazazi mnaolea watoto wenye ualbino huko, hebu pitisha kidole taratibu kwenye paji la uso, juu ya masikio, nyuma ya viganja. Ukikuta mahali panakwaruza kama msasa, gamba ukilibandua linarudi palepale, usiseme ni baridi ukazidisha losheni. Mara nyingi kidole kinagundua kabla ya jicho. Madaktari wanaita aktiniki keratosisi, siyo saratani bado ila mengine hugeuka kuwa saratani. Na usidanganywe na mawingu ya huko uliko, jua lililokuchoma utotoni ndo linajitokeza sasa.

Madoa hayo yakiwa moja au mawili wanayagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, sekunde chache tu, inauma kama kuungua na baadaye linaweza kutoka lengelenge, usilitumbue. Yakiwa mengi unapewa krimu ya fluorourasili, kawaida mara 2 kwa siku kwa wiki 2 mpaka 4, na hapa ndo watu wanakimbia. Mimi wiki ya pili uso ulikuwa mwekundu, unatoa maji, magamba kila mahali, nikajua nimejiharibu nikaacha bila kumuuliza mtu, miezi michache mbele madoa yakarudi ikabidi nianze upya, na uchungu wote ule nikaurudia. Kumbe ule wekundu ndo dawa inashambulia seli mbovu, hata zile ambazo hukuwa unaziona! Kwa hiyo ikikuzidi piga simu kwa daktari kwanza, yeye ndo aseme upumzike siku ngapi. Ila homa, usaha au jicho kuvimba usisubiri simu, nenda. Mjamzito haitumii kabisa. Nawa mikono ukimaliza kupaka, na kama mnafuga mbwa au paka ficheni tyubu, akiilamba inaweza kumuua.

Doa nene, linalouma ukibonyeza, linalovuja damu au kukua haraka, usikubali kuondoka na krimu tu, omba wakate kinyama wakapime.

Ukishapona ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga yake) 30 kwenda juu, unarudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na kofia yenye ukingo mpana maana kepu inaacha masikio wazi. Kisogoni na nyuma ya masikio hujioni mwenyewe, mwombe unayeishi naye akupige picha kila mwezi, uende nazo kliniki.