Vitufe vya mashine ya gemu vikigoma, weka bisibisi chini kwanza

Juzi dogo mmoja kaja kibandani kwangu hapa Mtwara mjini, mashine yake ya gemu, ile ya kushika mkononi yenye kioo chake, kaiviringisha kwenye taulo kama kichanga. "Shikamoo fundi. Hii imekufa mikono."

Nikaiwasha. Kioo kikawaka, Windows ikafunguka, nikigusa kioo inaitika vizuri tu. Ila stiki zote mbili, yaani vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, A, B, X, Y na vitufe vya mabegani, kimya. Kumbe alishapita kwa fundi mwenzangu, akaambiwa stiki zimeungua, zinunuliwe mpya. Nikamuuliza: ulilala zikiwa nzima? Nzima. Ulidondosha? Hapana. Sasa stiki mbili na vitufe zaidi ya kumi vinakufaje usiku mmoja, vimekula sumu?

Hatua ya 1: hesabu vilivyogoma

Kikigoma kitufe kimoja au stiki moja, shida ipo palepale kwenye kitufe: uchafu, chumvi, au kimechakaa. Ruka hadi hatua ya 6. Vikigoma vyote kwa mpigo, vitufe ni vizima, kilichokatika ni njia. Ndani ya mashine hizi vitufe huishia kwenye chipu ndogo, na chipu hiyo huongea na mfumo kwa njia ya USB ya ndani. ROG Ally, mashine ya mkononi ya Asus, kwa mfano, inajitambulisha kwa Windows kama pedi (kidhibiti cha gemu) ya Xbox 360. Kwa Windows ile ni pedi tu iliyochomekwa, na pedi huweza kuonekana kama imechomolewa hata kama imefungwa kwa skrubu.

Hatua ya 2: angalia hali ya pedi

Hii nimeitibu mara nyingi nikiwa nimesimama. ROG Ally ina hali tatu: Gamepad, Desktop na Auto. Ikiwa kwenye Desktop, stiki inafanya kazi ya kipanya, gemu haioni kitu. Bonyeza kitufe cha Command Center pembeni ya kioo, gusa Control Mode, weka Gamepad. Kwa Steam Deck, mashine ya Valve, iliyo upande wa Desktop (ule unaofanana na kompyuta ya kawaida), shikilia kitufe chenye mistari mitatu kwa sekunde chache, mpangilio utabadilika.

Hatua ya 3: izime kwelikweli

Watu wengi wananiambia, "Nimezima nikawasha mara kumi." Hujazima. Windows 11 ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukigusa Shut down, kiini cha mfumo pamoja na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kwenye diski, ukiwasha vinarudishwa vilivyokuwa. Draiva iliyogoma jana inaamka na mgomo wake. Tumia Restart, au shikilia Shift kwenye kibodi ndipo ugonge Shut down.

Isipopona, izime, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 40. Acha dakika moja, washa. Chipu iliyoganda mara nyingi huachia hapa, hasa kama mashine iligoma baada ya kulala ikiwa katikati ya gemu.

Hatua ya 4: nani anaiona pedi?

Hapa ndipo ugonjwa wa dogo ulipoonekana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tafuta habu ya USB-C (kigawanyo cha matundu ya USB), chomeka kibodi na kipanya cha kawaida. Kuhangaika kwa kidole kwenye maandishi madogo kutakutoa jasho bure. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, gonga Enter. Kidirisha kidogo kitafunguka chenye orodha ya pedi. Kisha fungua kidirisha cha pili kwa kuandika devmgmt.msc, hiyo ni Device Manager. Viweke ubavuni kwa ubavu, vilinganishe.

Pedi ikiwepo kwenye joy.cpl, na ukifungua Properties alama inatembea unaposukuma stiki, basi mashine haina kosa. Shida iko kwenye gemu, au Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, imeshika pedi na mpangilio wake yenyewe. Funga Steam kabisa, jaribu tena.

Pedi ikikosekana kote kuwili, tafuta Device Manager kama kuna kifaa chenye pembetatu ya njano. Bofya kulia, "Uninstall device", kisha juu kwenye Action chagua "Scan for hardware changes". Isiporudi, washa upya mashine.

Ya dogo ilikuwa ya tatu: Device Manager inaonyesha pedi ya Xbox, nzima, haina pembetatu, lakini joy.cpl ni tupu. Mfumo unaijua, programu haziioni. Hapo ujue kuna kitu kinaificha. Nikamuuliza umeweka nini humu wiki hii. Akacheka kwanza. Alifuata video, akaweka programu ya kubadilisha vitufe, na pamoja nayo ikaja HidHide, draiva ambayo kazi yake halisi ni kuificha pedi ya asili ili gemu ione ile ya kutengenezwa tu. Alipochoka akafuta programu, HidHide akaisahau. Ikabaki mlinzi mlangoni wa nyumba iliyohamwa, bado anazuia watu.

Nikafungua HidHide Configuration Client, ukurasa wa Devices, nikaondoa tiki kwenye "Enable device hiding", nikawasha upya. Mikono ikafufuka. Ukiwa huihitaji tena, ifute kabisa kwenye orodha ya programu.

Hatua ya 5: programu ya mtengenezaji

ROG Ally hutegemea Armoury Crate SE, Legion Go ya Lenovo hutegemea Legion Space. Zisasishe, pamoja na programu ya ndani ya chipu ya vitufe kama ipo mpya. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Huku kwetu umeme una tabia zake, usianze kusasisha chipu na asilimia 12.

Hatua ya 6: kitufe kimoja kimegoma

Kwa sisi wa pwani, adui ni chumvi. Ukicheza barazani Shangani upepo wa bahari unakupuliza, unyevu unaingia kwenye mwanya wa kitufe, ukikauka unaacha ukungu mweupe. Halafu kuna chumvi ya pili, tunayojiletea wenyewe: korosho za kukaanga. Nimewahi kutoa vipande vitano vya korosho chini ya kitufe A cha Steam Deck moja, na mwenye mali akaapa hali chochote akicheza. Nikampangia vipande vyake mezani.

Zima mashine, iinamishe kitufe kitazame chini, piga mswaki laini mkavu kuzunguka mwanya. Kisha chovya pamba ya kijiti kwenye isopropili ya mafundi, ile ya 99%, ikamue, pitisha huku unabonyeza kitufe mara ishirini hivi. Spiriti ya duka la dawa ya 70% ina maji mengi mno kwa kazi hii. WD-40 ya kawaida iache kwenye bawaba za mlango. Subiri nusu saa.

Stiki inayotembea yenyewe, irekebishe kwanza kwa programu: Armoury Crate ina sehemu ya kuipima upya, na Steam Deck upande wa Desktop ukifungua Konsole, dirisha la kuandikia amri, unaandika thumbstick_cal na kufuata maelekezo.

Hatua ya 7: sasa bisibisi

Kama ilidondoka, huenda fleksi, ule waya bapa unaounganisha vitufe, imechomoka. Steam Deck: toa kwanza kadi ya microSD, ukisahau utaivunja wakati wa kufungua mfuniko. Skrubu za nyuma ni 8, nne ndefu na nne fupi, zipange kwenye karatasi kama zilivyokaa. Ondoa ngao ya chuma, chomoa betri kabla hujagusa kingine chochote. Kisha kagua kila fleksi ya vitufe: lachi (kibano kinachoishika) imefungwa, mstari wa fleksi umelala sawa, hakuna kona iliyokunjika.

Usirudishe skrubu zote bado. Rudisha betri, chomeka chaja, washa, ingia kwenye Settings, Controller, sehemu ya kujaribu vitufe, bonyeza kimoja kimoja. Mara mbili nimefunga kwa haraka nikagundua fleksi ya L1, kitufe cha begani, nimeisahau.