Chembe inakimbia? Fupisha mmweko wa leza

Ukifuatilia protini kwenye utando wa seli hai kwa hadubini ya floresensi (inayoonyesha molekuli zilizotiwa rangi inayong'aa zikipigwa leza), usiache leza iwake muda wote kamera inapopokea mwanga. Iwashe milisekunde 2 tu katika kila fremu ya milisekunde 30, na upandishe nguvu yake mara 15 hivi ili kila doa la mwanga, yaani chembe moja ya protini, litoe idadi ileile ya fotoni (vipande vya mwanga). Chembe yenye mgawo wa mtawanyiko D (kipimo cha kasi ya kutangatanga) wa µm² 1 kwa sekunde haitulii: katika milisekunde 30 mwendo wake hutandaza doa kwa √(Dt/3), t ikiwa muda wa mwanga, yaani nm 100, karibu sawa na sigma (kipimo cha upana) ya doa la chembe iliyotulia. Kosa la kukadiria kitovu hupanda mara 1.4. Kwa milisekunde 2, mtandazo ni nm 26 tu. Tena doa lililotandaa huzama kwenye mwanga wa nyuma, programu hulikosa, na data yako hubaki na chembe za polepole pekee. Hilo ndilo baya zaidi.

Mbinu hii hugoma molekuli zikifika kikomo cha kutoa mwanga: fotoni haziongezeki, molekuli zinapauka haraka tu, na seli inaumia. Kwa kamera ya sCMOS (aina ya kamera ya kisayansi) inayosoma picha mstari kwa mstari, mmweko uangukie wakati mistari yote iko wazi, la sivyo sehemu ya picha itatoka giza. Pima kwanza upana wa madoa ya molekuli hizohizo zilizonata kwenye kioo, kisha fupisha mmweko hadi zile zinazokimbia zikaribie upana huo.