Namna ya kuandika orodha ya kazi inayotekelezeka

Nimekuwa nikiandika orodha ya kazi kila siku kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa miaka ya mwanzo orodha hizo zilinichosha kuliko kazi zenyewe. Kila asubuhi nilinakili mambo ishirini au thelathini kwenye ukurasa mpya, nikamaliza manne au matano, kisha jioni nikayahamisha yaliyobaki kwa moyo mzito. Niliamini kwamba tatizo ni uvivu wangu. Siku niliyokaa nikapekua kurasa za nyuma, niligundua kwamba mambo yaliyokuwa yakihama siku hadi siku yalikuwa yale yale, na karibu yote yaliandikwa kwa namna ambayo hata mtu mwenye bidii asingejua aanzie wapi. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata tangu siku hiyo. Unahitaji daftari na kalamu tu. Anayependa programu ya simu anaweza kuitumia, ila nashauri uanze na karatasi, kwa sababu ukurasa ukijaa unakulazimisha kuchagua, ilhali simu hukupokelea mambo bila kikomo.

Hatua ya kwanza: toa yote yaliyomo kichwani

Tenga dakika ishirini, kaa mahali penye utulivu, uandike kila jambo unalodaiwa na kazi, familia au nafsi yako, bila kujali ukubwa wake wala mpangilio. Usihariri wakati huu. Jambo likikujia, liandike, hata kama linaonekana dogo kiasi cha kukuaibisha.

Sababu ya kufanya hivi inafahamika tangu zamani. Mwaka 1927, mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio aliyoyafanya Berlin, ambamo washiriki walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Majaribio hayo yaliporudiwa na watafiti wengine hayakutoa matokeo yale yale kila mara, lakini yeyote aliyewahi kushtuka usiku kwa kukumbuka barua ambayo hajaijibu anaelewa alichokuwa akikitafuta. Mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo lenye manufaa zaidi kwetu: malengo ambayo hayajatimizwa huingilia umakini wa mtu anapofanya shughuli nyingine, lakini usumbufu huo hupungua akishaweka mpango mahususi wa kuyatimiza, hata kabla hajayagusa. Zingatia neno mpango. Kuandika jina la jambo peke yake hakukutui mzigo, na ndiyo maana hatua ya tatu nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Hatua ya pili: tenganisha ghala na ukurasa wa siku

Ulichokiandika katika hatua ya kwanza ni ghala. Kiweke kwenye kurasa za mwisho za daftari, ukiongeze kila jambo jipya linapotokea, na ukipitie mara moja kwa wiki. Kazi za leo ziandike kwenye ukurasa wake peke yake, na usifanye kazi ukiwa umeifungua ghala mbele yako. Anayelitazama ghala lote kila asubuhi huanza siku akiwa amekwisha kushindwa.

Hatua ya tatu: andika kazi kama tendo ambalo mkono unaweza kulianza

Katika kurasa zangu za zamani kuna maneno matatu, “Ripoti ya mradi”, yaliyohama kwa siku kumi na moja mfululizo. Kila nilipoyaona nilihisi uzito kifuani, nikaruka kwenda kwenye jambo jepesi. Siku ya kumi na mbili nilijiuliza swali ambalo nimeendelea kulitumia mpaka leo: nikikaa mezani sasa hivi, mkono wangu utafanya nini kwanza? Nilipotafuta jibu nikaona kwamba nisingeweza kuandika hata aya moja, kwa kuwa sikuwa na takwimu za matumizi, na takwimu hizo alikuwa nazo mwenzangu ambaye sikuwahi kumwomba. Kumbe kazi halisi haikuwa ripoti. Ilikuwa “Mwandikie mwenzangu barua pepe kuomba takwimu za matumizi ya miezi mitatu”. Ilinichukua dakika nne, na siku iliyofuata ripoti ilianza kuandikika.

Kwa hiyo chukua kila jambo unalotaka kulihamisha kutoka ghalani na uliandike upya kwa kuanza na kitenzi: piga, andika, soma, lipa, peleka, uliza. Jihadhari na vitenzi vinavyoonekana kama vitendo ilhali havionyeshi mwanzo wala mwisho, kama vile “shughulikia”, “fuatilia” na “boresha”. Badala ya “Fuatilia suala la bima”, andika “Piga simu ofisi ya bima, uliza ni nyaraka gani zinazokosekana”. Ukimaliza kuiandika, isome kana kwamba umeagizwa na mtu mwingine. Ikiwa utalazimika kumrudia kumwuliza alimaanisha nini, bado haijawa kazi.

Kisha ongeza wakati au mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba mtu anayeamua mapema kuwa hali fulani ikitokea atafanya jambo fulani hutekeleza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Kwa vitendo, sentensi ya bima inakuwa: “Nikifika mezani asubuhi, kabla ya kufungua barua pepe, nipige simu ofisi ya bima”.

Hatua ya nne: kadiria muda, kisha uandike muda halisi

Wahenga walisema mipango si matumizi, na utafiti unawaunga mkono. Mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu wakadirie siku watakazotumia kumaliza tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Walipoombwa wakadirie endapo kila kitu kingekwenda vibaya kadiri inavyowezekana, walitaja wastani wa siku 48.6. Muda waliotumia hasa ulikuwa siku 55.5, yaani zaidi hata ya makadirio yao ya hali mbaya kabisa.

Pembeni mwa kila kazi andika dakika unazodhani itachukua, na ukiimaliza andika dakika ilizochukua. Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kujihukumu. Mimi niligundua kwamba kazi za kuandika hunichukua karibu mara mbili ya ninavyodhani, ilhali simu nilizokuwa nikiziogopa huisha upesi. Ukizijua tabia zako, hesabu saa ulizo nazo kweli baada ya kutoa mikutano na safari, halafu ujaze nusu yake tu. Nusu nyingine itachukuliwa na mambo usiyoyatarajia, na yatakuja tu.

Hatua ya tano: chagua chache

Ukurasa wangu wa siku huwa na kazi tatu kubwa na ndogo zisizozidi nne. Kazi ngumu kuliko zote huipa saa ambazo akili yangu iko macho zaidi; kwangu ni asubuhi, kwako huenda ni usiku.

Hatua ya sita: kata kwa mstari, usifute

Kazi ikiisha, ipitishie mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka. Anayetumia simu aizime mipangilio inayoficha kazi zilizokamilika. Mwaka 2011, Teresa Amabile na Steven Kramer walitoa matokeo ya kuchambua takriban maandishi 12,000 ya shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, na wakaona kwamba katika siku ambazo watu walikuwa na ari kubwa, jambo lililojitokeza zaidi ni kupiga hatua katika kazi yenye maana kwao, hata ikiwa hatua hiyo ni ndogo. Mtu hawezi kufurahia hatua asiyoiona. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaowacheka watu wanaoandika jambo walilokwisha kulifanya ili tu walikate. Ikiwa kazi ilifanyika, inastahili kuonekana.

Jambo jipya likizuka katikati ya siku, liandike chini ya mstari mnene ulioupiga mwishoni mwa orodha. Likiwa la dharura kweli, lifanye na uondoe jingine lenye muda unaolingana. Lisipokuwa la dharura, litakwenda ghalani jioni.

Hatua ya saba: shughulikia viporo jioni

Dakika kumi kabla ya kufunga kazi, tazama yaliyobaki. Kazi iliyolala mara moja ihamishe bila kinyongo. Iliyolala mara mbili iwekee alama ya nukta. Ikifika mara ya tatu usiinakili tena kama ilivyo: ama uigawe mpaka upate tendo la chini ya dakika kumi na tano, ama umpe mtu mwingine, ama umwarifu anayeisubiri kwamba hutaifanya. Chaguo la mwisho ni chungu, lakini anayesubiri anadai ukweli huo zaidi ya matumaini.

Andika ukurasa wa kesho usiku huo huo. Katika utafiti wa Michael Scullin na wenzake uliochapishwa mwaka 2018, vijana 57 walilala maabara baada ya kuandika kwa dakika tano. Walioandika kazi zinazowasubiri walipata usingizi takriban dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa mahususi ndivyo usingizi ulivyowahi kuja. Kazi ya kwanza ya kesho iweke juu kabisa, tayarisha faili au karatasi zake, na uliache daftari mezani likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa huo.