Mwuza makala (mkaa) si pambo: kuonyesha watu katika filamu fupi ya wanafunzi

Kazi yangu ni sauti. Wanafunzi wa hapa Lubumbashi huniletea filamu zao fupi, nyingi zimepigwa kwa simu, nizisafishe kabla ya kuonyeshwa. Hata kabla ya kusikiliza najua nitakutana na nani: mchimbaji wa madini aliyelewa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, mfanyabiashara Mkasai (mtu wa asili ya Kasai) anayependa pesa kuliko mama yake, kabwalala, yaani mwizi, kutoka mtaa wa Katuba, Mchina anayefoka na hakuna anayemwelewa, na mama wa sokoni anayelia. Sisemi watu wa namna hiyo hawapo. Wapo wachimbaji wanaokunywa, kama walivyo walimu wanaokunywa. Lakini filamu ya dakika kumi ina nafasi ndogo sana, na mtu ukimpa alama moja tu, mtazamaji anatoka nayo akidhani amelijua kundi zima.

Anzia kwenye senario, yaani maandishi ya filamu. Chukua kalamu, futa kazi na kabila la kila mhusika, kisha usome tena. Ukifuta "mchimbaji" na mtu akapotea kabisa, basi hukuandika mtu. Mwandikie pembeni anachotaka katika tukio hilo hilo. "Anataka kutajirika" haitoshi, hilo linatufaa sote. "Anataka kuuza mfuko wa mwisho kabla mvua haijanyesha" linatosha, kwa sababu sasa mwigizaji ana la kufanya: atatazama mbingu, atakubali bei asiyoitaka.

Na tafadhali usikimbilie upande wa pili. Mama maskini asiye na kosa lolote, mvumilivu kama malaika, naye ni sanamu ile ile iliyopakwa rangi nyingine. Mwache apunje kidogo kwenye kipimo. Mwache amkasirikie mtoto bure.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo. Sikiliza nani anasema Kifaransa katika filamu yako na nani anasema Kiswahili. Karibu kila mara daktari, wakili na bosi wanasema Kifaransa; mlinzi, mpishi na mwizi wanabaki na Kiswahili, na ukumbi unacheka kila wanapofungua mdomo. Lakini nenda ukasimame pembeni mwa mama anayeuza mboga za lengalenga jioni: wakili yule yule anashuka garini, "Mama, punguza kidogo, iyi iko mingi!", naye mama anamjibu kwa Kifaransa kizuri tu akitaka. Basi mpe wakili simu ya mama yake. Mpe mlinzi fomu ya kujaza kwa Kifaransa, na aijaze bila kosa. Kundi la waigizaji la Mufwankolo, lililochekesha mji huu kwenye redio na televisheni kwa Kiswahili cha hapa, lilitengeneza mwaka 1986 mchezo mzima kuhusu chifu na mamlaka yake, na Kiswahili hicho hicho ndicho kilichobeba mambo mazito.

Lafudhi ndiyo hatari zaidi. Mwanafunzi anamwambia rafiki yake, "Fanya kama Mkasai," na rafiki anaanza kuvuta maneno. Watu wanacheka, mimi mkono unakuwa mzito kwenye kitufe. Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi na Kolwezi, miji ya Katanga hapa, wakiitwa bilulu, yaani wadudu, na wengi walilala vituoni wakisubiri treni. Kuna mtazamaji ukumbini ambaye bibi yake alikuwa kwenye treni ile. Ukihitaji mhusika wa lafudhi hiyo, tafuta mtu anayeongea hivyo nyumbani kwake, umpe senario, umwache abadilishe maneno. Kicheko kitoke kwenye anachofanya, kama angechekwa mtu yeyote yule.

Kwenye kamera nawaambia wakaangalie kwanza michoro ya Colonie Belge (koloni la Ubelgiji), ile ambayo wachoraji wa Katanga waliichora tena na tena ikatundikwa sebuleni. Mfungwa amelala chini, askari mweusi anampiga fimbo, na mzungu amesimama tu anatazama. Hafanyi lolote, lakini kwa jinsi alivyowekwa unajua amri imetoka wapi. Hiyo ndiyo kazi ya fremu. Mwuza makala wenu mnampiga picha kwa nyuma, kutoka ndani ya gari linalompita, mifuko inaonekana, uso hauonekani. Tayari amekuwa pambo la barabara. Shukeni garini. Mngojeni penye mlima, pale anaposhuka kwenye baiskeli aisukume: mkono mmoja kwenye usukani, bega limeegemea mfuko, mguu wa nyuma unatafuta jiwe la kukanyaga. Shusha simu hadi usawa wa macho yake. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo. Ukiiacha ipime ukuta mweupe nyuma yake, ngozi yake inakuwa kivuli. Nimeona filamu ambazo matajiri wote wana macho na maskini wote wana meno tu.

Montaji, kule kukata na kuunga picha, nayo inasema mambo ambayo hukuandika. Mrusi Lev Kuleshov, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alichukua uso mmoja wa mwigizaji Mozzhukhin, akaufuatisha na sahani ya supu, kisha na jeneza. Watu wakaona njaa, kisha huzuni, na uso ulikuwa ule ule. Kijana wa Katuba anatazama. Ukikata kwenda kwenye simu iliyosahaulika mezani, umemfanya mwizi. Ukikata kwenda kwa mtoto anayevuka barabara, ni kaka wa mtu. Muziki pia: piano ya huzuni chini ya kila mama wa sokoni, hapana. Nimezifuta nyingi na hakuna aliyezitafuta.

Filamu ikishaungwa, itazame bila sauti ukiwa na daftari. Nani anaamua? Nani anaonekana mgongo tu? Mwaka 1985 Alison Bechdel wa Marekani alichora katuni ambamo mwanamke anasema haangalii filamu isiyo na wanawake wawili wanaoongea juu ya jambo lingine zaidi ya mwanamume. Ijaribu hapa, kisha uwajaribu wachimbaji nayo: wawili waongee juu ya kitu kisicho kobalti wala pombe. Wabishane juu ya Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira, hamtamaliza tukio mapema.

Kabla ya kumpelekea profesa, ionyeshe kwa watu mliowaigiza. Mkalishe mwuza makala, mtafutieni munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, msimuulize kama filamu ni nzuri maana atasema ndiyo kwa heshima. Muulizeni, "Papa, weye ungesema vile?" Mara nyingi ataanza na bei ya mfuko, kwamba mmeikosea, halafu ataingia kwenye mambo mengine. Kwa hiyo msifute picha zilizobaki kwenye simu, na msimwache mwigizaji asafiri kabla ya siku hiyo.