Kabla ya kuhamia Windows 11, jaribu kwanza programu ya kazi yako

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanaopanda ngazi hadi kwenye meza yangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huuliza jambo lile lile: "Fundi, hii mashine itakubali Windows 11?" Hilo hujibiwa upesi. Ninalowasihi waulize ni hili: programu inayoendesha duka lako, nayo itakubali? Windows ikiingia vizuri, kisha printa ya risiti igome Jumamosi jioni foleni ikiwa mlangoni, hujasaidika chochote.

Tuanze na mashine yenyewe. Laptopu nyingi za mjini ni za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, kwa hivyo soma namba ya prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubali Windows 11. i5-8250U ni cha 8, imo, na kwa Intel hapo ndipo orodha hiyo inapoanzia, ukiacha chache za kizazi cha 7. Usinunue kwa jina la modeli peke yake, kwa sababu zipo ThinkPad T480 zenye prosesa ya kizazi cha 7. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike tpm.msc, uone kama TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ni toleo la 2.0. Mashine ikikosa sifa, kuna njia za kulazimisha, lakini mtu wa biashara simwekei: Microsoft haimhakikishii masasisho. Afadhali ajiandikishe kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama, unaoendelea kuilinda Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026.

Sasa chukua karatasi. Andika kila programu unayotumia kupata riziki, na kila kifaa kilichochomekwa: printa, skana, mashine ya alama za vidole. Kando ya kila kimoja andika toleo lake, aliyekuuzia, na mahali ilipo namba ya leseni. Mpigie aliyekuuzia kabla hujagusa kitu.

Zipo programu ambazo hazivuki kabisa. Fungua Settings, System, kisha About. Ukiona mfumo wako ni wa biti 32, simama hapo. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na huwezi kupandisha kutoka 32 kwenda 64 bila kusafisha diski na kuweka kila kitu upya. Programu za biti 32 zitaendelea kufanya kazi. Zile za zamani zaidi za biti 16, kama mahesabu ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, hazitafunguka. Kwa hizo jaribu DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, au iache mashine ya zamani ifanye kazi hiyo tu, bila intaneti.

Vifaa ndivyo vinavyosumbua zaidi. Mama mmoja mwenye duka la dawa Umoja aliniletea kompyuta iliyokwisha kuhamishwa. Programu yake ya stoki ilifunguka vizuri, risiti haikutoka. Nilipofungua Device Manager nikakuta alama ya njano kwenye kebo inayogeuza USB kuwa siriali, tundu la kizamani linalotumiwa na printa yake. Ndani yake mlikuwa na chipu ya PL2303HXA, na draiva mpya, yaani programu inayoiendesha, inaandika wazi kwamba chipu hiyo iliondolewa tangu 2012. Printa ilikuwa nzima. Tulibadilisha kebo, risiti zikatoka.

Programu ikikataa kufunguka, jaribu mawili kwanza. Washa .NET Framework 3.5, sehemu ya ziada ya Windows, kwenye Windows Features, kwani programu nyingi za zamani huitegemea. Kisha bonyeza faili yake kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, uchague Windows ya zamani.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni hii: usipandishe diski ya kazi. Nunua diski nyingine ya aina ya SSD, nakili diski nzima humo, chomeka nakala, kisha uipandishe hiyo. Ile ya asili ifunge kwenye bahasha, uandike tarehe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, chapisha kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, maana kugusa TPM au BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka, kunaweza kufanya uulizwe. Baada ya kuhamia, fanya kazi ya siku nzima kwa uwongo: uza dawa moja, toa risiti, funga hesabu, chukua bakapu kwenye flashi, ufungue pia fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA, uone kama makro zinakubali.

Kama ulipandisha diski yenyewe, una siku 10 tu za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Mwisho wa mwezi ukiwa mbali na hujafunga hesabu hata mara moja, fungua Command Prompt kama msimamizi kabla hazijaisha, uandike: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Utapata siku 60, na katika muda huo usifute folda ya Windows.old, inayotunza Windows 10 yako, hata nafasi ikikubana.