Polisi wa Uingereza akitaka kukupekua barabarani

Kwa takwimu za serikali yenyewe, mtu mweusi wa England na Wales hupekuliwa na polisi karibu mara 4 kuliko mzungu, ukilinganisha na idadi yao. Basi kijana wa Kikongo, wa Kibarawa au wa Mombasa anayeishi London aijue sheria kabla hajasimamishwa.

Tenganisha kwanza kuulizwa na kupekuliwa. Askari akitaka tu kujua unatoka wapi na unakwenda wapi, hulazimiki kujibu, na kunyamaza kwako pekee si sababu ya kukupekua. Muulize: "Am I being detained?" (Je, nimezuiliwa?) Akisema hapana, aga uende zako. Kwenye gari ni habari nyingine: askari mwenye sare akikuashiria, lazima usimame, na dereva hutoa jina, anwani na leseni akitakiwa.

Ikiwa ni upekuzi, kabla hajatia mkono mfukoni mwako akwambie jina na kituo chake, anatafuta nini, anatumia sheria gani, kwa nini anakushuku, na kwamba una haki ya nakala ya kumbukumbu ya upekuzi huo. Asiye na sare aonyeshe kitambulisho.

Hapo kwenye "kwa nini" ndipo pa kukaza. Sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 (PACE) inataka shaka yenye msingi. Rangi ya ngozi, umri, au kosa ulilofungwa zamani, peke yake, si msingi. Utaambiwa "unafanana na mtu tunayemtafuta". Uliza: mrefu au mfupi? Kavaa nini? Kaonekana wapi, saa ngapi? Maelezo yakiishia kwenye "kijana mweusi mwenye jaketi la kofia", yakumbuke neno kwa neno, maana hayo ndiyo malalamiko yako.

Kuna mwanya mmoja mkubwa: kifungu cha 60 cha sheria ya jinai na usalama wa umma ya 1994. Inspekta au mkubwa wake akiidhinisha eneo fulani, kwa kawaida kwa muda usiozidi saa 24, askari hahitaji kukushuku kabisa. Uliza idhini ilianza saa ngapi na mipaka yake ni mitaa ipi.

Hadharani anaweza kukutaka uvue koti, jaketi na glavu tu. Kuvuliwa zaidi ya hapo, au kilemba na hijabu, ni mahali pa faragha, na askari wa jinsia yako.

Wengi huharibikiwa kwa kusukuma mkono wa askari. Upekuzi usingetoa kitu, sasa una kesi ya kumzuia kazini. Sema kwa mdomo kwamba hukubali, mikono ionekane. (Na "chai" usiitaje hata kwa utani.)

Ukipekuliwa kwa miguu, jina na anwani si lazima utoe. Swali la asili yako pia unaweza kulikataa, lakini ni afadhali ulijibu: ile hesabu ya mara 4 inatoka kwenye kisanduku cha jibu hilo katika fomu.

Usipopewa nakala papo hapo, idai ndani ya miezi 3. Andika namba ya begani, mtaa na saa. Video ya kamera ya kifuani iombe kwa maandishi siku hiyohiyo, ukitaka isifutwe. Polisi wa London huondoa isiyo ya ushahidi baada ya siku 31 hivi. Ombi ni bure, na majibu huja ndani ya mwezi. Malalamiko yapeleke kwa polisi wenyewe au kupitia IOPC, chombo huru kinachosimamia malalamiko dhidi ya polisi, na usichelewe.